Dr. John Leal, mtu aliyetia klore katika maji ya mji bila kuuliza ruhusa

Tarehe 26 mwezi wa tisa 1908, wakaaji wa Jersey City, mji wa Marekani ulio ng'ambo ya mto Hudson kuelekea New York, walifungua robine zao kama kawaida. Walikuwa zaidi ya 200,000. Wakapika, wakafua, wakanywesha watoto. Karibu wote hawakujua kwamba kuanzia siku ile, umbali wa kilomita 37 kutoka kwao, mtu mmoja alikuwa anatia ndani ya maji yao unga mweupe ambao watu wa wakati ule waliutumia kufukuza harufu ya vyoo na kung'arisha vitambaa.

Mtu huyo alikuwa daktari John Laing Leal. Hakuomba ruhusa ya mji. Serikali ya mji ilikuwa hata inashitakiana na kampuni yake mbele ya tribinali. Kama angekosea hesabu, au kama wapinzani wake wangekuwa na haki, jina lake lingekumbukwa leo kama la mtu aliyetia sumu katika maji ya mji mzima.

Kila anayefungua bomba leo na kusikia harufu ndogo ya javeli, iwe Kindu, Brussels au Chicago, anakutana na kazi ya daktari huyo. Vilevile kila mwenye nyumba au hoteli anayejaza pisini mpya kwa maji ya bomba na kushangaa kwa nini maji yanageuka rangi baada ya siku mbili. Maulizo aliyopambana nayo Leal ni yale yale: ndani ya maji haya kuna nini, klore inafanya nini humo, na inakwenda wapi kisha kazi yake?

Leal alizaliwa tarehe 5 mwezi wa tano 1858 katika kijiji cha Andes, jimbo la New York, sehemu ya milima na wafugaji. Baba yake, John Rose Leal, alikuwa pia daktari. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipowaka Marekani, baba alikwenda kama mganga wa kikosi cha 144 cha New York. Kikosi hicho kilipelekwa kusini, kwenye visiwa vya mchanga karibu na Charleston, na huko askari wengi waliugua matumbo kwa sababu ya maji machafu kuliko walioumizwa na risasi. Daktari mwenyewe hakupona. Alirudi nyumbani na ugonjwa wa kuhara damu uliomkalia tumboni miaka na miaka, mpaka ukamuua 1882.

Mtoto wake alikuwa na umri wa miaka 24 wakati ule, naye alikuwa anasomea udaktari. Familia ilikuwa imehamia Paterson, jimbo la New Jersey, mji wa viwanda vya hariri uliojengwa kando ya maporomoko ya mto Passaic. Kijana alisoma kwanza Princeton, akamaliza 1880, kisha akaingia chuo cha waganga cha Columbia mjini New York na kutoka na diploma 1884. Si lazima kuwa mtabiri ili kuona jinsi kifo cha baba kilivyoweza kumwelekeza. Daktari anayeona mzazi wake akiliwa polepole na mikrobe iliyoingia kwa kikombe cha maji hatazami maji kama watu wengine.

Alifungua kazi yake ya uganga Paterson, lakini tangu 1886 alianza kutumikia mji, na baadaye akawa ofisa mkuu wa afya wa mji. Kazi hiyo ilikuwa ya kutembea. Palipotokea tifoide, surua kali au difteria, ofisi yake iliingia nyumbani, ikatafuta chanzo, ikasafisha. Moja kati ya dawa za kusafishia ilikuwa chokaa ya klore, unga unaopatikana kwa kupitisha hewa ya klore ndani ya chokaa. Unga huo ulikuwa umetengenezwa Uskoti tangu mwisho wa karne ya 18 kwa ajili ya viwanda vya nguo, na mji wa hariri kama Paterson uliufahamu vizuri. Leal hakutosheka kuutupa ovyo kwa jembe. Alipima: kiasi gani kinaua mikrobe, kiasi gani ni cha bure tu. Akaona kwamba hata ukiupunguza sana ndani ya maji, nguvu yake haiishi upesi. Jambo hilo alilihifadhi kichwani kwa miaka karibu kumi.

Mwaka 1899 aliacha ofisi ya mji na kuingia katika kampuni za maji za New Jersey kama mshauri wa usafi. Wengine wangeweza kusema alifuata pesa. Labda pesa ilikuwamo. Lakini mahali pale ndipo alipopata kitu ambacho ofisi ya afya haikuwa nacho: bwawa, mabomba, na nguvu ya kuamua kitakachotiwa ndani.

Mwaka uleule Jersey City ilikuwa imefanya mapatano makubwa. Mji ulichoka na maji ya mto Passaic, ambao sehemu yake ya chini ulikuwa umegeuka mtaro wa viwanda. Kampuni ikakubali kujenga baraji mpya Boonton, juu ya mto Rockaway, na kuvuta maji kwa bomba kubwa mpaka mjini. Bei ilikuwa zaidi ya dola milioni 7, pesa nyingi mno kwa wakati ule. Mapatano yalidai kitu kimoja wazi: maji yawe safi na yenye kufaa kwa afya. Maji ya Boonton yakaanza kufika mjini 1904.

Wakati wa kulipa ulipofika, mji ukakataa. Viongozi wake walisema: juu ya bwawa hilo kuna vijiji na miji, nayo inamwaga vyoo vyake ndani ya mto. Maji hayo si safi, kwa hiyo mapatano hayakutimizwa. Kampuni ikajibu kwamba bwawa ni kubwa, maji yanakaa humo siku nyingi, uchafu unashuka chini na mikrobe zinakufa zenyewe. Kesi ikaanza 1906.

Hakimu aliyesikiliza, Frederic Stevens, alikuwa mtu wa kupima maneno. Alikubali kwamba siku nyingi za mwaka maji yalikuwa mazuri. Lakini aliona pia kwamba mara mbili au tatu kwa mwaka, mvua kubwa iliponyesha, maji machafu yalikata njia ndani ya bwawa na kufika kwenye bomba kabla uchafu haujatulia. Mara mbili au tatu zinatosha kuua. Katika uamuzi wake wa 1908 alitaka kampuni ijenge mitaro ya kuzuia uchafu wa miji ya juu, ao ilete mpango mwingine au chombo kingine kitakachofanya kazi ileile.

Kujenga mitaro kulihitaji pesa nyingi na muda mrefu. Leal alishika maneno yale ya mwisho: chombo kingine.

Klore katika maji ya kunywa haikuwa ndoto yake peke yake, na hapa vitabu vingi vinarahisisha mambo. Mji wa Maidstone, Uingereza, ulisafisha mabomba yake kwa unga huo 1897 kisha tifoide kuua watu. Katika Ubelgiji, ambayo mfalme wake wakati ule alikuwa anaitawala Kongo kama shamba lake mwenyewe, mkemia Maurice Duyk alitia klore katika maji ya Middelkerke, mji mdogo wa pwani, tangu 1902. Alexander Houston alifanya hivyo Lincoln, Uingereza, 1905, ili kuzima tifoide. Lakini hiyo yote ilikuwa miji midogo au mambo ya dharura. Hakuna aliyekuwa amethubutu kuchukua mji mkubwa na kusema: kuanzia leo, kila siku, bila mwisho, kila tone litapita kwenye klore. Waganga na mainjinia wengi walichukia wazo lenyewe. Kwao, maji safi yalikuwa yale yanayotoka mahali safi. Kutia dawa ya choo ndani ya kikombe ilikuwa aibu.

Mwezi wa saba 1908 Leal akamwita George Warren Fuller, injinia aliyejulikana zaidi Marekani kwa mambo ya kuchuja maji. Fuller alikuwa amejenga kiwanda cha kuchuja cha Little Falls, karibu na Paterson, na humo alikuwa amezoea kudondosha dawa ya alumini ndani ya maji kwa kipimo sawasawa usiku na mchana. Leal alihitaji ufundi huo hasa. Kujua kwamba klore inaua mikrobe ni kazi ya laboratware. Kufanya lita karibu milioni 150 kwa siku zipate kila moja sehemu yake, bila moja kupata mara kumi na nyingine kukosa, ni kazi nyingine kabisa. Fuller na watu wake walijenga matanki ya kukoroga unga, matanki ya kusawazisha kimo cha dawa, na matundu yaliyopimwa ili dawa itoke kwa mwendo mmoja. Kiwanda kizima kilikwisha kwa siku chini ya mia moja.

Kiasi walichotia ni kidogo cha kushangaza. Kilikuwa kati ya sehemu 0.2 na 0.35 za klore kwa sehemu milioni moja ya maji. Ukichukua pisini kubwa ya michezo ya Olimpiki, yenye lita milioni 2 na nusu, kipimo cha Leal kingekuwa chini ya kilo moja ya klore kwa pisini nzima. Kwa mji wote wa Jersey City, kilo 30 kwa siku zilitosha pale maji yalipokuwa mazuri.

Kesi ya pili ikaanza siku hizo hizo. Safari hii hakimu aliweka mtu wa kusikiliza mambo ya ufundi, William Magie. Mji ulileta wataalamu wenye majina makubwa, na wa kwanza kati yao alikuwa profesa William Sedgwick wa chuo cha teknolojia cha Massachusetts, mtu aliyefundisha karibu kizazi kizima cha mainjinia wa afya. Fuller mwenyewe alipita mikononi mwake. Mwanafunzi na mwalimu wakajikuta pande mbili za tribinali.

Hoja za mji hazikuwa za kipumbavu. Walisema klore haitoi matope. Walisema chokaa iliyomo itaongeza ugumu wa maji. Walisema mtumishi mmoja akilala usiku, mji mzima unakunywa maji yasiyolindwa. Na hoja nzito kuliko zote: dawa hii itawapa watu wa juu ruhusa ya kuendelea kumwaga vyoo ndani ya mto. Juu ya hoja hii ya mwisho historia haikumpa Leal ushindi kamili. Miji mingi ilijificha nyuma ya klore ili isijenge mitaro.

Leal aliitwa kusema mwanzoni mwa 1909. Avoka wa mji alimbana. Alitaka atoke mdomoni mwake kwamba amewanywesha watu sumu. Leal alikubali bila kuzunguka kwamba unga huo, ukiwa mwingi, ni sumu. Kisha akaeleza kwamba mambo yote yako kwenye kipimo, na kwamba klore inayotiwa Boonton haifiki mjini ikiwa klore: njiani inakutana na mikrobe na uchafu wa majani na udongo, inavichoma, na kwa kufanya hivyo inakwisha yenyewe, inabaki chumvi kidogo isiyo na ubaya. Alipoulizwa kama angewanywesha mke wake na jamaa yake, alikubali, na alisema angeyapendelea maji hayo kuliko mengine. Watu waliokuwa pale hawakuwa na namna ya kujua kwamba maneno hayo yalikuwa ya mtoto wa yule daktari wa kikosi cha 144.

Mbele ya tribinali kemia iliwekwa wazi siku nyingi, na inafaa kusimama hapo kidogo, maana ndiyo kemia ya bomba lolote. Chokaa ya klore ikiingia majini inatoa asidi dhaifu inayoitwa hipoklorasi. Asidi hiyo ndiyo muuaji. Inapenya ngozi ya mikrobe na kuiharibu ndani. Lakini haichagui. Inakula pia chuma kilichoyeyuka, matope ya majani, mkojo, jasho. Maji machafu yanaila kabla haijafikia mikrobe. Ndiyo maana Leal alisisitiza kupima maji kwanza, halafu kuamua kipimo, badala ya kutia kipimo kimoja mwaka mzima.

Kitu kimoja Leal hakuwa nacho ni namba ya pH. Ilikuwa haijazaliwa. Mwaka 1909, kesi ikiendelea, mkemia wa Denmark aitwaye Søren Sørensen aliitoa katika laboratware ya kiwanda cha bia cha Carlsberg, Copenhagen. Namba hiyo inasema maji yako upande wa asidi, chini ya 7, ao upande wa magadi, juu ya 7. Kwa klore ni jambo la kufa na kupona. Pale pH ilipo 7.5, nusu ya klore iko katika umbo lile la asidi linaloua. Ikipanda mpaka 9, inabaki kama sehemu 3 tu kwa mia. Nyingine iko majini bado, kipimo kinaionyesha, lakini inafanya kazi polepole mno.

Kwa watu wa Goma na Bukavu hii si hesabu ya mbali. Maji ya juu ya Ziwa Kivu yana pH karibu na 9, yamejaa magnesi na bikarbonati kutoka chini ya volkano. Maji ya Tanganyika, upande wa Uvira na Kalemie, nayo yako huko huko juu. Shirika la Afya Ulimwenguni linataka klore iliyobaki ya angalau miligramu 0.5 kwa lita kisha nusu saa, pH ikiwa chini ya 8. Maji ya ziwa yakiwa juu ya hapo, kungoja nusu saa ile kwa ukamilifu, ao zaidi, kuna maana kubwa kuliko kwa maji ya chemchemi za mlimani. Wale wanaokaa kando ya ziwa na sirinji yao, wakitia dawa katika kila bidoni ya lita 20, wanafanya kwa mkono kazi ya matundu ya Fuller. Unga wanaokoroga, HTH, ni mjukuu wa chokaa ya klore ya Boonton, lakini una nguvu karibu mara mbili.

Mwenye kujaza pisini anakutana na kemia hiyohiyo kwa ukali zaidi. Maji ya bomba yanafika na klore ndogo, ya kulinda kikombe, si ya kulinda watu ishirini wanaooga pamoja. Jua la saa chache linaimaliza. Kama maji yametoka kwenye kisima au yamepita katika mabomba ya zamani, yana chuma. Hakionekani kwa macho mpaka siku mwenye nyumba anapomwaga klore nyingi kwa mara moja, na maji yote yanageuka rangi ya chai. Simenti mpya ya kuta inapandisha pH wiki nyingi, na HTH yenyewe inaipandisha tena na kuongeza chokaa. Maji magumu yanaacha ukoko mweupe kwenye kuta na ndani ya pompi. Maji laini mno yanafanya kinyume, yanakula simenti. Namna ya kuhesabu yataelekea upande gani ilitolewa 1936 na Wilfred Langelier, profesa wa California, ambaye alikuwa anafikiria mabomba ya miji, si pisini. Kupima kabla ya kutia dawa, kama Leal alivyofanya Paterson, kunagharimu vikaratasi vichache vya rangi. Kutopima kunagharimu pisini ya maji yote, nayo imelipiwa kwa kila meta kibi. Na ile harufu kali inayochoma macho, ambayo watu wanadhani ni ishara ya klore nyingi, mara nyingi inatoka kwa klore iliyokwisha kuungana na jasho na mkojo.

Mwezi wa tano 1910 Magie akatoa uamuzi wake. Aliona kwamba chombo cha Boonton kinafanya kazi, kwamba kinaondoa mikrobe hatari, na kwamba maji yanayofika Jersey City ni safi na yanafaa. Hakuona kwamba klore inaacha kitu kibaya ndani yake. Kampuni ilikuwa imeshinda juu ya jambo hilo. Kilichofuata kilizidi matumaini ya mtu yeyote aliyekaa katika chumba kile. Tayari 1909 Leal, Fuller na kijana wao George Johnson walikuwa wameeleza kiwanda chao mbele ya mkutano wa watu wa maji wa Marekani uliofanyika Milwaukee. Miji ikaanza kuiga hata kabla ya uamuzi kutoka, na kisha uamuzi ikaiga kwa mbio. Ilikuwa dawa ya bei ndogo, na kiwanda chake kiliweza kujengwa kwa wiki chache. Mwaka 1913 palepale Boonton paliwekwa mashine ya kwanza ya Wallace na Tiernan ya kutia hewa ya klore moja kwa moja, na unga wenyewe ukaanza kuachwa.

Katika Marekani ya 1900, watu karibu 100 kwa kila 100,000 walishikwa na tifoide kila mwaka. Mwaka 1920 walikuwa karibu 34. Klore haikufanya hayo peke yake: kuchuja maji, kuchemsha maziwa, mitaro na vyoo bora vilikuwa na sehemu yao. Hata hivyo hakuna kitu kingine kilichoenea upesi namna ile katika miaka ile. Kinyume chake kilionekana mahali pengi baadaye, na Goma ilikiona karibu kuliko miji mingi: mwezi wa saba 1994, wakimbizi walipokunywa maji ya ziwa bila kutiwa dawa, kolera na kuhara viliua makumi ya maelfu katika majuma machache.

Leal hakuona mengi ya hayo. Alikufa Paterson tarehe 13 mwezi wa tatu 1914, na umri wa miaka 55. Alikuwa na mke, Amy, na mtoto mmoja. Hakuacha kitabu, hakuandika habari zake, hakutembea miji akijitangaza. Johnson aliishi zaidi, aliandika zaidi, na polepole vitabu vikaanza kumtaja yeye kama mwenye wazo, na Leal akabaki jina katika karatasi za kesi. Karatasi hizo zilikuwa maelfu ya kurasa, na kwa muda mrefu hapakuwa na aliyetaka kuzisoma. Zilipofunguliwa tena na wanahistoria wa maji karibu miaka mia moja baadaye, ilionekana wazi ni nani aliyeamua, ni nani aliyejenga, na ni nani aliyesimama mbele ya avoka kujibu.

Kaburi lake lilikuwa katika makaburi ya Cedar Lawn, Paterson, bila jiwe. Jiwe liliwekwa 2013, na watu wa kazi ya maji wa New Jersey walilisimamisha. Limeandikwa kwamba aliyelala hapo ni shujaa wa afya ya watu wote.